Kijibwa Kikianza Kung'ata

"Kamata! Kamata huyo!" Mjomba ananyoosha mguu, kijibwa cha wiki saba kinarukia kidole gumba na kuking'ang'ania, watoto wanaangua kicheko. Miezi minane baadaye binti wa jirani anatumwa kuja kuomba chumvi, mbwa anamrukia paja, na mjomba yuleyule ndiye wa kwanza kutafuta rungu. Mbwa anapigwa kwa somo alilofundishwa nyumbani kwake.

Huku Ulyankulu, mkoani Tabora nchini Tanzania, hatufugi mbwa kwa urembo. Familia zilizoikimbia Burundi mwaka 1972 na kuletwa hapa zilikabidhiwa pori la miombo zilifyeke, na pori halijawahi kwenda mbali na mlango. Mbwa anabwekea ngedere kwenye mahindi, nguruwe pori kwenye mihogo, fisi anayezungukazunguka zizi, na binadamu anayekuja usiku kumtazama mbuzi asiye wake. Kwa hiyo nikishauri kijibwa kifundishwe kuacha kung'ata, jibu nalijua kabla sijamaliza sentensi, kuanzia Barabara ya 13 (ndiyo, ileile yenye kwaya maarufu) hadi shamba la mwisho kabla ya msitu: "Unataka kuniharibia mlinzi?"

Mlinzi haharibiki. Kumbwekea mgeni kunakuja kwenyewe mbwa anapoanza kukomaa, baada ya nusu mwaka hivi, na hakuna mbwa aliyehitaji kidole cha mtu ili ajifunze kubweka. Kitu ambacho hakiji chenyewe ukubwani ni kipimo cha taya: kujua kwamba ngozi ya binadamu ni laini na kwamba ukiigusa kwa jino unapoteza rafiki wa kucheza naye. Somo hilo lina wakati wake, na wakati huo ni miezi michache ya mwanzo.

Kama unataka ushahidi wa zamani kwamba mlinzi hahitaji kung'ata, uko kwenye njia yetu wenyewe ya misafara. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora hadi alipoondoka kwa mara ya mwisho Agosti 1872, aliwahi kusafiri na mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujisokota, jina lake Chitane. Mbwa huyo alizama Januari 1867 wakivuka kinamasi kipana katika nchi ambayo leo ni Zambia, kwa hiyo Tabora hakufika. Lakini bwana wake aliandika kazi yake: alikuwa akikimbia hadi mbele ya msafara kumwona mtu wa kwanza, kisha akirudi nyuma hadi kwa wa mwisho na kumbwekea ajikaze. Akishajua kibanda cha bwana wake ni kipi, mbwa wa kijijini hawakusogea. Na hakuwa mwizi wa chakula. Kazi yote hiyo aliifanya kwa miguu na sauti. Mlinzi wa namna hiyo angefaa sana kwenye boma la mkulima wa tumbaku.

Sasa tuje kwenye kijibwa chenyewe. Meno ya utotoni yanaanza kutoka kikiwa na wiki tatu hivi, yanatimia 28, na ni makali kama miiba ya mgunga kwa sababu taya lenyewe bado halina nguvu. Ukali huo una faida: ndugu akibanwa sikio analia na kuacha kucheza, na mama akiumwa chuchu anasimama na kuondoka. Kijibwa kinabaki peke yake kikishangaa. Kikirudia mara nyingi kinajifunza kwamba kubana sana kunafukuza watu. Hiyo ndiyo shule ya kwanza, na walimu wake ni mama na ndugu zake.

Tatizo letu ni kwamba tunakitoa shuleni mapema mno. Mbwa wa jirani akizaa, macho yakishafumbuka na kijibwa kikaanza kulamba uji, mtu tayari amekuja na kamba. Mwezi mmoja! Kinafika nyumbani kikijua kunyonya na kung'ata, hakijui kupima. Kama una hiari, kiache kwa mama yake hadi wiki nane. Mwambie jirani akushikie, na kama anasita kwa ajili ya chakula, mpelekee unga na dagaa kidogo; ni gharama nafuu kuliko zitakazofuata. Kama kimeshaletwa mapema, kitafutie mwenzake wa kucheza naye, au mbwa mkubwa mpole wa hapo nyumbani mwenye subira ya kukikaripia bila kukijeruhi. Usikiache na mbwa mkubwa usiyemwamini.

Nyumbani, kanuni ni moja: jino likigusa ngozi, mchezo unakufa palepale.

Tuseme umekaa kwenye kigoda baada ya kupukuchua mahindi. Kijibwa kinavuta upindo wa kanga, kisha kinahamia kwenye kiganja. Mwanzo kinamumunya tu, unahisi ulimi na joto. Halafu masikio yanalala nyuma, kichwa kinaanza kutikisika huku na huku, na jino la pembeni linazama kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Hapo wengi wetu tunachomoa mkono kwa kishindo. Usifanye hivyo: mkono unaokimbia unageuka windo, na ngozi ndiyo inayochanika. Ulegeze mkono. Sema "acha" mara moja, kwa sauti ya kawaida. Simama, kunja mikono, kipe mgongo. Usikitazame, usikisemeshe. Kikikufuata na kuanza kazi kwenye kisigino, ingia jikoni ufunge mlango. Nusu dakika inatosha, hata dakika moja. Ukitoka na kukikuta kimetulia, kipe tambara kichezee, nawe endelea na mahindi yako.

Wapo wanaoshauri ulie kama kijibwa kilichoumizwa, "ai!" ya ghafla. Kwa baadhi ya vijibwa inafaa, vinashtuka na kuachia. Vingine vinapandwa na ari zaidi. Jaribu mara mbili tatu. Ukiona mkia unazidi kutikisika na meno yanarudi kwa kasi, achana na kilio, tumia mgongo.

Siku za mwanzo hali itaonekana kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Kijibwa kilichozoea kwamba kung'ata kunaleta kelele na mbio kitang'ata kwa nguvu zaidi kikiona hakuna jibu, kama mtu anayegonga mlango uliokuwa ukifunguliwa kila siku. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kurudia kofi. Vumilia. Pia usidai yote kwa mpigo. Anza kwa kusimamisha mchezo kwa meno yanayouma kweli; yakipungua, simamisha kwa yale ya kubana kidogo; mwisho, hata jino linalopapasa tu likatize mchezo. Kijibwa kilichopita hatua hizo kinakuwa mbwa ambaye siku moja akikanyagwa mkia usiku, akageuka kwa hasira, taya lake linakumbuka kujizuia.

Sasa, uani hakuna mtu mmoja. Yupo bibi, yupo baba, wapo wajukuu, wapo vijana wa kibarua msimu wa tumbaku. Mmoja akisimamisha mchezo na mwingine akinyoosha mguu, "kamata!", kijibwa kinajifunza kubahatisha, na mbwa anayebahatisha ndiye mbaya kuliko wote. Itisheni kikao kifupi, hata kama ni wakati wa chakula cha jioni. Chagueni na neno. Katika nyumba nyingi za hapa utasikia "acha" kwa Kiswahili, "reka" kwa Kirundi, "leka" kwa Kinyamwezi au Kisukuma, na mbwa mdogo hana shida na lugha yoyote kati ya hizo ilimradi iwe moja. Mjomba naye aambiwe kwa heshima, lakini aambiwe.

Watoto ndio kazi kubwa. Mtoto wa miaka minne anakimbia, anapiga kelele, nguo inapepea, miguu haina viatu: kwa kijibwa hiyo ni sikukuu. Kumwambia "usikimbie" hakutoshi. Mfundishe kitu cha kufanya. Asimame kama mti. Mikono kwapani, macho juu, kimya. Fanyeni mazoezi kijibwa kikiwa kimelala, ugeuze kuwa mchezo, "Mti!", wote wasimame wima, nawe ujifanye mbwa unayepita ukinusanusa. Mti hauna raha kwa mbwa, atauacha. Chini ya umri wa kwenda shule, mtoto na kijibwa wasiachwe peke yao bila mtu mzima wa kuwaona. Najua ugumu wake: msimu wa kukausha tumbaku watu wazima wanakesha kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia, na nyumbani anabaki dada wa miaka kumi na wadogo zake. Ndiyo maana nasisitiza kizizi. Fito chache, kamba ya magome, kivuli, maji, kitanda cha majani makavu, basi. Wakati hakuna wa kuangalia, kijibwa kiwe humo na kitu cha kutafuna. Kizizi kisiwe jela ya kukitupia ukiwa na hasira. Kipe chakula chake humohumo ili kikipende.

Na kitu cha kutafuna lazima kiwepo, kwa sababu kuanzia miezi minne hivi meno ya utotoni yanang'oka na ya kudumu yanasukuma fizi mpaka yatimie 42 kwenye mwezi wa sita au wa saba. Fizi zinawasha. Utaona tone la damu kwenye tambara, au jino dogo kama punje ya mchele sakafuni, usishtuke. Chukua kitambaa kikuukuu kigumu, kifunge mafundo matatu, kiloweke kwenye maji ya mtungi, kikamue, ukipe. Ubaridi unatuliza. Kamba nene ya katani yenye fundo inafaa pia, mradi uiondoe ikianza kunyofoka nyuzi. Mfupa mbichi wa goti la ng'ombe, mkubwa kuliko mdomo wake, ni zawadi nzuri. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Gunzi la mahindi, ambalo tunalitupia mbwa bila kufikiri, likimezwa kipande linaziba utumbo na mbwa anakufa kifo cha maumivu. Usikipe pia ndala iliyokatika kichezee, kwa sababu hakitajua tofauti kati ya ndala hiyo na ile ya mgeni aliyeivua mlangoni.

Tahadhari moja ni ya mkoa wetu. Kijibwa kinachotafuna kila kitu kikiingia penye tumbaku iliyokaushwa, iwe barabarani kwenda bani au chini ya meza ya kuchambulia majani, kitatafuna nayo. Tumbaku ni sumu kwa mbwa. Kitatokwa na mate, kitatapika, kitatetemeka, na kidogo tu kinatosha kuua mwili wa kilo tatu. Chambua tumbaku kijibwa kikiwa kizizini, na ufagie. Vivyo hivyo makopo ya dawa za shambani.

Kuhusu kupiga. Kofi la pua, kubanwa mdomo kwa mkono, kukandamizwa ulimi kwa kidole, kunyanyuliwa kwa ngozi ya shingo na kutikiswa: yote nimeyaona yakifanywa na watu wema kabisa. Kijibwa kinachopigwa kinajifunza moja kati ya mawili. Ama kinaogopa mkono, kila mkono, ukiwamo wa mwanao anayekuja kukipapasa, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata kwenye kona. Ama kinaona kofi ni sehemu ya mieleka na kinazidisha. Kumpiga jioni kwa kosa la asubuhi ndiyo hasara tupu. Mbwa haunganishi mambo yaliyopishana hata dakika moja. Wapo pia wanaolisha pilipili au kumfungia mbwa gizani kutwa nzima ili awe mkali. Wanapata mbwa anayeumwa tumbo na asiyejua kutofautisha mwizi na mwalimu aliyekuja kuuliza mbona mtoto haji shule. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, kama heshima ya kijiji haitoshi kukuzuia.

Mara nyingine kung'ata kuna sababu ambayo mafunzo peke yake hayaiondoi. Kijibwa chenye njaa kinang'ata. Chenye viroboto na kupe kinang'ata, ngozi inakisumbua. Chenye minyoo hakitulii. Tumbo likivimba kama ngoma na mbavu zikionekana, mwone afisa mifugo kwa dawa. Kijibwa kilichochoka ndicho kibaya zaidi, na hili watu hawaliamini: mbwa mchanga anahitaji kulala sehemu kubwa ya siku na usiku. Ile saa ya magharibi, watoto wamerudi na kila mtu anakigusa, ndipo kinapoanza kukimbia mizunguko na kurukia miguu kama kimepandwa na pepo. Kipeleke kizizini kikalale.

Jifunze kutofautisha mchezo na onyo. Kijibwa kinachocheza kinainamisha kifua na kuinua matako, mwili mzima unalegea, kinarukaruka kama mwanambuzi. Kijibwa kinachoonya kinakauka: mwili mgumu, macho hayapepesi, mdomo wa juu unainuka, sauti ya chini inatoka kifuani, mara nyingi juu ya sahani. Usikipige kwa kunguruma. Ukishafuta ngurumo umefuta taarifa, na siku moja meno yatakuja bila hodi. Badala yake, kizoeze kwamba mkono karibu na sahani unaleta, hauchukui: kikiwa kinakula ugali, pita, dondosha dagaa mmoja, endelea na safari. Rudia hivyo wiki kadhaa. Kikishika kitu kisichotakiwa, badilishana nacho kwa kitu bora, ukisema lile neno lenu. Watoto wasimsogelee mbwa anayekula, mdogo wala mkubwa. Hilo halina mjadala.

Nimelifikia jambo ambalo ndilo hasa linalonifanya nisione kuumwa na kijibwa kuwa kichekesho. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Watu wengi wanadhani ni ugonjwa wa mbwa wakubwa wazururaji. Kijibwa nacho kinaupata, kikiumwa na mbwa mwenye kichaa au na mnyama wa porini, na kwa kuwa tumezoea kung'atwa nacho hatuhesabu. Ukali au ukimya wa ghafla, udenda usiokatika, kushindwa kumeza, sauti kubadilika, kung'ata vijiti na mawe: kaa mbali, wazuie watoto, mpigie afisa mifugo.

Jino la mbwa yeyote likitoboa ngozi, au hata kukwaruza hadi damu ionekane, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Mimina kutoka kwenye jagi au dumu kama hakuna bomba. Usipake majivu, pilipili wala mafuta. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Mtaalamu ataamua kuhusu sindano. Zikianza, zinafuata ratiba ya siku maalumu, na kuruka moja kwa sababu mtoto anaonekana mzima ni kucheza na uhai wake. Mbwa aliyeng'ata asiuawe haraka kama anaweza kufungwa salama. Afungwe na aangaliwe siku 10: akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi vya kichaa kwenye mate alipouma, na habari hiyo ina thamani kubwa kwa daktari.

Chanjo ya kijibwa kwa kawaida inatolewa kikifika miezi mitatu, kisha inarudiwa kila mwaka. Uliza ofisi ya kata siku ya kampeni. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na sehemu nyingi nchini chanjo hutolewa karibu na tarehe hiyo. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa ugonjwa unakosa njia ya kuenea, na hapo vijibwa ndivyo vinavyotuangusha: vinazaliwa baada ya kampeni kupita, navyo ni vingi. Usisubiri kampeni ijayo kama chako kimezaliwa Oktoba. Nenda nacho kimefungwa kamba, kikiwa kimezoea kushikwa miguu, masikio na mdomo bila kung'ata. Mazoezi uliyoyafanya uani ndiyo yatakayomwezesha mchanjaji kumaliza kazi bila kuhitaji sindano yeye mwenyewe.

Kwa nyumba iliyokubaliana, meno kwenye ngozi yanapungua sana ndani ya wiki chache, yanaweza kurudi kidogo fizi zinapowasha, na mwezi wa saba yawe yamekwisha. Kama umefika hapo na mbwa bado anatoboa ngozi, au anakauka juu ya chakula na kumfuata mtu, hayo si utoto tena. Mfunge kwa mnyororo mrefu mchana penye kivuli na maji, mfungulie usiku ndani ya ua uliofungwa, na umwite afisa mifugo akusaidie kuamua. Na usimpe mtu mwingine kimyakimya. Jirani anayemchukua ana watoto pia. Mwambie mbwa huyu amemng'ata nani, lini, na kwa nini, kisha yeye aamue kama bado anamtaka.